Kope zinadondoka kila jioni: neva na msuli vinashikwa na nini?

Mwana_Tukuyu: Wakuu habari za saa hizi. Mama mdogo anachuma chai huku Tukuyu, asubuhi anatoka fiti kabisa ila ikifika saa kumi kope zinadondoka, usiku akila makande anatafuna kidogo taya linagoma mpaka alishikilie kwa mkono. Majirani washasema karogwa. Daktari kasema ni miastenia, eti kinga ya mwili inashambulia pale neva inapokutana na msuli. Sasa najiuliza, pale pameshikwa na nini mpaka pabomoke?

Mzee_wa_Fiziolojia: Kwanza neva haigusi msuli mkuu, kuna kanafasi kadogo sana, neva inamwaga asetilikolini, yaani kemikali ya kubeba ujumbe, vipokezi upande wa pili vinaidaka ndo msuli unakaza. Ishu ni kwamba vile vipokezi lazima vibanane pale pale kama bajaji za Mwanjelwa, vikisambaa ujumbe unapotea. Anayevikusanya ni protini inaitwa agrini, inatoka kwenye neva, inashika protini ya msuli inaitwa LRP4, hiyo inaiamsha protini nyingine, MuSK, kwenye ukuta wa msuli, halafu kwa ndani protini ya rapsini inavifunga vipokezi visitembee. Na usidhani ikishajengwa basi, kipokezi kinakaa kama siku 10 kinabadilishwa kingine, neva ikikatwa ndo kabisa, vinadumu kama siku moja hivi. Kinachonichekesha mimi, asetilikolini yenyewe huwa inavitawanya, agrini ndo inavibakisha. Yaani huyu anafukuza huyu anazuia, maisha yote.

Kijana_wa_Iringa: Mzee kamaliza. Niongeze tu, wengi kingamwili zao, yaani zile protini za kinga ya mwili, zinapiga vipokezi vyenyewe, wachache zinapiga MuSK, yaani mkusanyaji ndo anafungwa mikono. Ulizeni ni ipi, maana dawa ya piridostigmini inachelewesha asetilikolini isivunjwe, kwa wa MuSK mara nyingi haisaidii sana.

Dada_Nesi: Akiugua malaria msimpe kwinini jamani, na sindano ya jentamaisini pia, zinazidisha udhaifu, akifika popote aseme kwanza ana miastenia ndo mambo mengine yaendelee. Akianza kupaliwa au pumzi kuwa fupi msisubiri asubuhi.

Mwana_Tukuyu: Ndaga fijo, asanteni sana wote. Dada Nesi umenishtua, jentamaisini alichomwa mwezi uliopita kwenye duka la dawa, wiki ile ile sauti ikawa ya puani tukajua ni mafua.

Dada_Nesi: Mwambie daktari hilo hilo, na tarehe kama mnaikumbuka.