Mjadala: Saa ya mchezo isimamishwe mpira ukitoka, au tutibu kero moja moja?

Kipenga Kirefu

Naweka hoja mezani na naomba ipingwe kwa nguvu. Kero nyingi za soka la siku hizi zina mzizi mmoja, nao ni muda. Kipa anadaka krosi nyepesi kisha analala kifudifudi juu ya mpira. Beki anaufuta mpira kwa fulana, anajifanya anarusha, halafu anamwachia mwenzake aliye mita thelathini nyuma. Mchezaji anatolewa, anatembea kama anayesindikiza harusi. Wote hao wanatafuta sekunde, na wanazipata.

Mechi ya ligi kubwa tunaiita ya dakika 90, lakini mpira unachezwa kweli kwa dakika 55 hivi. Zilizobaki zinakwenda kwenye kona, mipira ya kurusha, goli kiki, sub (kubadilisha wachezaji), majeruhi na mabishano. Kwa hiyo nasema: vipindi viwili vya dakika 30, saa isimame kila mpira unapotoka au kipenga kinapolia, na iendelee pale tu mpira unapoanza kuchezwa tena. Wazo lenyewe si geni. IFAB, chombo kinachotunga sheria za mpira, kililitaja mwaka 2017 katika waraka wake wa mawazo ya kujadiliwa. Futsal nayo inacheza dakika 20 mara mbili kwa saa ya kusimama. Ukiondoa faida, tabia itakufa yenyewe.

Namba Sita

Napinga, mkuu. Umeichukulia tabia hii kama wizi wa dakika tu, wakati nusu ya kazi yake ni kuvunja presha.

Chukua timu iliyobanwa kwenye boksi lake, imepigiwa kona tatu mfululizo, mabeki wanahema. Kipa anakaa chini, anashika paja, anaita daktari. Wenzake kumi wanakimbilia benchi, wanakunywa maji, kocha anahamisha kiungo mmoja arudi kuwa beki wa tatu wa kati. Dakika mbili baadaye mchezo unaanza upya na moto wote umezimika. Kwa saa yako ya kusimama, hakuna sekunde hata moja iliyopotea, kwa hiyo refa hana hata sababu ya kukasirika. Utakuwa umehalalisha taimauti, yaani mapumziko ya kocha kutoa maelekezo, na kumpa kila kocha taimauti asizopaswa kuwa nazo.

Kuna pia hesabu ya miili. Ukitoka dakika 55 kwenda 60 za mpira unaochezwa, umeongeza dakika 5 kwa mechi. Mchezaji wa mechi 50 kwa msimu anabeba dakika 250 zaidi, ambazo kwa kipimo cha 55 ni mechi nne na nusu. Wanaolia kuhusu ratiba nzito wangepaswa kuanzia hapo.

Bi Kanuni

Kaka Namba Sita amegusa penyewe. Mchezaji wa ndani, asiye kipa, akitibiwa uwanjani, kwa kawaida lazima atoke nje, asubiri mchezo uanze, kisha aruhusiwe na refa. England walimwekea sekunde 30 za kukaa nje kuanzia msimu wa 2023/24. Kipa hatoki. Sheria inamsamehe, na kwa sababu inayoeleweka: huwezi kuanza mchezo lango likiwa tupu. Basi makocha wameuona mwanya huo na kuufanya mlango.

Tiba yake haihitaji saa. Kipa akiita daktari bila kugongwa na mtu, nahodha wake ateue mchezaji mmoja wa ndani akae nje dakika moja baada ya mchezo kuanza. Na wakati wa matibabu, wengine wote wabaki ndani ya mistari, mbali na eneo la makocha. Kipa aliyeumia kweli hatajali. Asiyeumia atapigiwa kelele na wenzake asimame.

Kipenga Kirefu

Dada, hiyo ni adhabu nyingine juu ya adhabu ambazo tayari hazitolewi. Kuchelewesha kuanza mchezo ni kadi ya njano tangu zamani. Kipa anaonyeshwa dakika ya 89, wakati amepoteza muda tangu ya 60.

Bi Kanuni

Hazitolewi kwa sababu zilikuwa hazilingani na kosa. Tazama ile ya kipa kukaa na mpira mikononi. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa sekunde 6, na adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja (mpigaji hawezi kufunga bila mwingine kuugusa mpira) ndani ya boksi. Ukiitoa, wachezaji 11 wanajipanga juu ya mstari wa goli, kunazuka msukumano, mpira unapigwa ukutani, refa anajaribu kuwarudisha nyuma mita 9.15 za lazima ambazo hazipo, na umepoteza dakika tatu kumwadhibu aliyepoteza sekunde nne. Ndiyo maana marefa waliacha kabisa kuhesabu, na makipa wakawa wanakaa sekunde 15 hadi 20.

Kuanzia msimu wa 2025/26 kikomo ni sekunde 8, na adhabu ni kona. Refa anainua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho, kila mtu uwanjani anaona. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu 2025, kipa Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini aliadhibiwa hivyo dhidi ya Ulsan ya Korea Kusini. Dunia haikuanguka. Kona ilipigwa, mchezo ukaendelea. Sasa makipa wanaachia mpira, na kona zinazotolewa kwa kosa hilo ni chache mno, kwa sababu adhabu ni ndogo kiasi kwamba refa haogopi kuitoa, na inauma kiasi kwamba kipa hataki kuipata.

Hiyo ndiyo njia ninayoitetea kwa kila kero iliyotajwa hapa. Adhabu ndogo, ya uhakika, inayohesabiwa hadharani.

Mstari wa Pembeni

Naongezea upande ambao hamjaugusa. Mechi nyingi duniani hazina mwamuzi wa akiba, hazina ubao wa saa, na nyingine hazina hata washika vibendera. Refa ni mmoja, ana saa mbili za mkononi kama amejaliwa. Mwambie asimamishe na kuanzisha saa kila mpira ukitoka, huku akiangalia nani kamvuta nani jezi kwenye kona. Atasahau kuiwasha mara moja tu, na hakuna atakayejua mechi ilipaswa kuisha lini. Saa ya kusimama inataka mtu wa meza ambaye kazi yake ni hiyo peke yake, kama ilivyo futsal.

Kipenga Kirefu

Hoja nzuri, ila kanuni nyingine zimeshakuwa za daraja la juu pekee. VAR, yaani waamuzi wa video, haiko kwenye viwanja vya mtaani na hakuna aliyesema sheria zimevunjika.

Kona Fupi

Umeitaja VAR mwenyewe, ndugu yangu, na ndiyo inayonifanya niiogope saa yako. Leo kitu pekee kinachoisukuma VAR iharakishe ni kwamba mechi inachelewa. Ukisimamisha saa, watakaa dakika sita kutazama kidole cha mguu na watakwambia hakuna kilichopotea.

Na tuwe wakweli kuhusu kile wanachokitazama. Kamera za kawaida za matangazo zinatoa picha 50 kwa sekunde. Straika anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Beki akipanda kwa kasi hiyohiyo kuelekea upande wa pili, pengo kati yao limebadilika sentimita 32. Sasa mwendesha VAR anachagua picha ambayo mguu wa mpasiaji umegusa mpira, na mara nyingi mguso wa kwanza uko katikati ya picha mbili. Kisha anachora mstari na kusema mtu ameotea (offside: alimpita beki kabla ya pasi kupigwa) kwa bega. Kipimo chenyewe kina mwanya mkubwa kuliko kosa kinalolipima.

Bi Kanuni

Hapo umeeleza mfumo wa kuchora mistari kwa mkono. Mfumo wa nusu otomatiki uliotumika Kombe la Dunia Qatar 2022 ulikuwa na kamera 12 za kufuatilia na pointi 29 kwenye mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde. Mpira nao ulikuwa na kihisio kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Yaani wakati wa pasi unapatikana kwa usahihi zaidi mara kumi.

Kona Fupi

Wakati wa pasi, ndiyo. Miili bado inasomwa mara 50, na sehemu ya bega inayoruhusiwa kufunga inaishia chini ya kwapa, mahali ambapo fulana inapepea. Kwa hiyo nataka kitu rahisi: mistari minene, na ikigusana, ni goli. Ligi Kuu ya England ilianza mistari minene msimu wa 2021/22 na kuotea kwa unywele kukapungua. Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, anataka zaidi ya hapo, kwamba uwe umeotea pale tu mwili wako wote umempita beki. Sikubaliani naye, kwa sababu mabeki watarudi nyuma mita tano kujihami na tutapoteza kukaba juu, karibu na lango la wapinzani. Lakini unene wa mstari haubadilishi mbinu za mtu yeyote.

Mstari wa Pembeni

Mtoto wa VAR anayeniudhi kuliko wote ni kibendera kinachochelewa. Mshika kibendera ameona wazi mtu kaotea, lakini anaelekezwa asubiri shambulizi liishe, ili kama amekosea goli lisiwe limeuawa bure. Kwa tukio la kubanana, sawa. Kwa mtu aliyeotea mita mbili, ni hatari isiyo na sababu. Machi 2021 kipa Rui Patrício wa Wolves aligongwa kichwani na beki wake mwenyewe kwenye shambulizi la Liverpool ambalo tayari lilikuwa la kuotea. Mei 2025 Taiwo Awoniyi wa Nottingham Forest aligonga mwamba wa pembeni akifuata mpira ambao ulitoka kwa mchezaji aliyeotea, akafanyiwa upasuaji wa haraka wa tumbo. Kibendera kingepanda mapema, hakuna aliyekuwa na sababu ya kukimbia.

Maelekezo yenyewe yanasema kusubiri ni kwa nafasi ya wazi ya kushambulia. Tatizo ni kwamba mshika kibendera akipandisha mapema na kukosea anashushwa daraja, akichelewesha hakuna anayemwuliza.

Namba Sita

Naunga mkono kila neno.

Fundi wa Jezi

Mimi nina moja ndogo ambayo haigusi saa kabisa. Karibu mwanamume 1 kati ya 12 haoni vizuri tofauti ya baadhi ya rangi, hasa nyekundu na kijani. Bado timu zinaingia moja na nyekundu iliyokolea, nyingine na kijani iliyokolea, na waamuzi wanazipitisha kwa kuwa kwao zinatofautiana. Jaribio ni jepesi: piga picha jezi zote mbili, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Zikifanana kwa weupe, moja ibadilishwe. Jezi za tatu zipo kwa kazi hiyo, si za kuuzia dukani tu. Na namba ya dhahabu juu ya mistari ya njano haisomeki na mtu yeyote.

Kipenga Kirefu

Turudi kwenye saa. Kuna njia ya kati ilishajaribiwa. Qatar 2022 marefa waliambiwa wahesabu kweli muda uliopotea: sub, majeruhi, VAR na kushangilia magoli. England na Iran walipewa dakika 14 za nyongeza kipindi cha kwanza pekee. Watu walishangaa, ila zilikuwa zimepotea kihalali, kipa wa Iran aliumia kichwani. Shida ni kwamba baadaye baadhi ya ligi zililegea. Nyongeza ikitegemea makadirio ya mtu mmoja, itashuka tu. Ndiyo maana naitaka saa isiyokadiria.

Namba Sita

Na pale Qatar waliopoteza muda waliendelea kupoteza. Nyongeza ndefu haikumfanya yeyote arushe mpira haraka.

Niambie saa yako itafanya nini kwa hili: faulo imetolewa, mpigaji anataka kuanza upesi, mpinzani anasimama hatua moja mbele ya mpira, mikono juu, anajifanya anaondoka. Sheria iko wazi. Akizuia makusudi faulo isipigwe haraka, ni kadi ya njano. Mpigaji akiamua kupiga na mpira ukamgonga aliye karibu asiyejitahidi kuzuia, mchezo unaendelea. Basi kila timu ina kiungo wa kusimama pale, kwa sababu anajua refa atamsogeza kwa mkono tu. Saa ikisimama, anapewa sekunde za bure za kusimama vizuri zaidi.

Kipenga Kirefu

Kwa hilo nakubali, saa haisaidii. Wewe ungefanya nini?

Bi Kanuni

Nijibu mimi, kaka. Faulo isogezwe mbele mita 9.15, papo hapo, bila kadi na bila mazungumzo. Refa anatembea na mpira, anauweka, anapuliza. Katikati ya uwanja haina madhara makubwa. Mita 30 kutoka langoni, ukuta unajikuta uko ndani ya boksi. Soka iliwahi kujaribu kusogeza faulo kwa wanaobishana na refa, ikaiacha. Ninachotaka mimi kifungwe kwa kosa hili moja tu, la kusimama mbele ya mpira, ambalo refa halihitaji VAR kuliona. IFAB ina kura 8, nne za FIFA na moja moja za England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, na badiliko linahitaji kura 6. Adhabu ya namna hii inaweza kuzipata. Vipindi vya dakika 30 sioni vikizipata, maana vinagusa ratiba ya televisheni ya kila ligi kwa siku moja.

Mstari wa Pembeni

Na mpira wa kurusha je? Watu wanaiba mita kumi kila mara.

Bi Kanuni

Huo una adhabu tayari: ukirushwa mahali pasipo pake, wanapewa wapinzani. Refa akiitoa mara mbili kipindi cha kwanza, kipindi cha pili kila mtu atarushia penye alama.