Betri mpya inaisha gari likilala siku mbili, nianzie wapi?

Muulizaji: Wakuu, naomba ushauri. Gari la zamani la kabureta, betri mpya ya 45Ah (ampea-saa). Nikiliegesha Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi stata inagonga tu, haizungushi injini. Likibustiwa linawaka, ila taa za mbele hufifia nikiachia mafuta. Mkanda umekaza. Nimeambiwa ninunue altaneta nzima (mashine inayochaji betri injini ikiwaka). Nina mita ya kawaida.

Jibu 1: Usinunue chochote kabla ya kupima, mkuu. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, pima kwenye vichwa vya betri. Ukipata 13.8 hadi 14.4V, chaji ipo. Kisha mtu apige stata huku umeshika nyaya za mita kwenye kichwa cha hasi na chuma cha injini. Ikizidi 0.5V, waya wa hasi umelegea au una kutu.

Jibu 2: Pia tafuta umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Toa ufunguo, funga milango, chomoa balbu ya boneti kama ipo. Legeza kichwa cha hasi kwa spana namba 10, kitoe, uweke mita katikati ya kichwa hicho na betri, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A. Usiguse ufunguo wakati huo, fyuzi ya mita itakatika. Gari la umri huo halitakiwi kuzidi 0.05A. Ikizidi, chomoa fyuzi mojamoja ukiangalia mita.

Jibu 3: Na asikudanganye mtu uchomoe betri injini ikiwaka eti unapima altaneta. Volti hupanda ghafla na kuua daiodi zake (vipande vinavyogeuza umeme wa AC, unaobadili mwelekeo, kuwa DC, wa mwelekeo mmoja) hata kama zilikuwa nzima.

Muulizaji: Asanteni. Chaji ni 13.1V, nikikanyaga 13.3V. Hasi ya injini 0.1V. Uvujaji 0.6A, na nimechomoa fyuzi zote haujashuka!

Jibu 2: Hapo ndipo wengi wanapopotea. Waya mnene wa altaneta kwa kawaida haupiti kwenye boksi la fyuzi, unakwenda moja kwa moja upande wa betri. 0.6A kwa saa 36 ni karibu 22Ah, nusu ya betri yako. Betri ikiwa imechomolewa, fungua waya huo nyuma ya altaneta, ufunge ncha yake kwa tepu isiguse bodi, kisha pima tena. Ikishuka, ni daiodi. Rudisha waya na betri kwanza, kisha thibitisha kwenye vichwa vya betri kwa mita ikiwa kwenye volti za AC, injini ikiwaka: zaidi ya 0.5V ni mbaya. Mita ikisoma 26 au 28, usiiamini kwa kipimo hiki. Mita nyingine za bei nafuu hazitenganishi AC na DC.

Muulizaji: Imeshuka hadi 0.02A. AC ni 0.9V.

Jibu 1: Basi ni daiodi iliyopasuka ndani. Inavujisha umeme usiku, na mchana inapunguza chaji, ndiyo maana taa zinafifia. Badilisha sahani ya daiodi tu, na kwa kuwa altaneta itakuwa imefunguliwa, angalia brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka). Zikibaki chini ya milimita 5 hivi, weka mpya. Kabla ya kuifunga, jaza betri kwa chaja ya nje, 4A hivi, mpaka isome 12.6V baada ya kupumzika. Altaneta iliyotoka kutengenezwa ikipewa betri tupu hupata moto sana.

Jibu 3: Ukishafunga, rudia kipimo cha uvujaji na cha AC kabla ya kulilaza gari.