Snapseed, Lightroom, GIMP au kamera yenyewe: ipi inafaa kugeuza picha za familia ziwe nyeusi na nyeupe?

mtaa_wa_juu:
Wakuu habari zenu. Naomba ulinganisho wa kueleweka. Kuna picha ya familia, watu 11, imepigwa nje saa kumi jioni kwa simu, JPEG ya megapikseli 12. Bibi kavaa khanga nyekundu yenye maua ya kijani, babu yuko na kanzu nyeupe, waliobaki kitenge cha sare, bluu na machungwa. Ngozi zinatofautiana, wapo weusi tii na wapo maji ya kunde. Nataka kuisafisha sentimita 20x30 itundikwe ukutani, iwe nyeusi na nyeupe.

Njia nilizonazo: kushusha rangi hadi sifuri kwenye galari ya simu, Snapseed, Lightroom ya simu, au GIMP kwenye kompyuta. Na kwa picha zijazo, je, niiweke kamera kwenye monokromu kabisa? Ndiyo kwanza naanza. Nawasilisha.

fundi_kivuli:
Mkuu, ya kwanza iondoe mezani, na khanga ya bibi ndiyo sababu. Kila pikseli ina chaneli tatu, nyekundu, kijani na bluu kwa mpangilio huo, kila moja na namba kati ya 0 na 255. Baadhi ya programu zinaposhusha rangi hadi sifuri huchukua chaneli yenye namba kubwa na yenye namba ndogo, zinajumlisha na kugawa kwa mbili. Chukua nyekundu ya 200, 40, 40 na kijani cha 40, 200, 40. Zote zinatoka 120. Hata bluu ya 40, 40, 200 ni 120. Maua yanamezwa na khanga, na sare inakuwa kipande kimoja cha kijivu.

Ukitumia mizani inayofuata jicho la binadamu (nyekundu 0.22, kijani 0.72, bluu 0.06), namba zilezile zinatoka 75, 155 na 50. Maua yamerudi. Kwenye GIMP fungua Colors, kisha Desaturate, halafu chagua Luminance au Luma badala ya Lightness. Ni sekunde tano tu, na tayari umeshaizidi galari ya simu.

Zuhura_lenzi:
Naongezea kwa fundi. Luma inaokoa nguo, ila haikupi usemi juu ya ngozi. Ngozi ya mtu yeyote, awe mweusi tii au mweupe, rangi yake iko upande wa nyekundu na machungwa. Kinachotofautiana ni mwangaza. Kwa hiyo chaneli nyekundu huing'arisha na kuficha madoa na chunusi, chaneli ya bluu huitia giza na kutoa kila alama.

Hapo ndipo wanaoanza huteleza. Wanaona nyekundu inalainisha uso, wanaisukuma hadi mwisho, midomo inapotea. Tuseme ngozi ni 120, 80, 60 na midomo 120, 65, 65. Kwa nyekundu peke yake zote ni 120, mdomo haupo! Kwa mchanganyiko wa 0.6, 0.35, 0.05 unapata ngozi 103 na midomo 98. Kwa 0.4, 0.5, 0.1 ni 94 na 87: mdomo umesimama, ngozi imepungua mwanga kidogo tu. (Programu yako inaweza kutoa namba tofauti kiasi, angalia mwelekeo.)

Kwenye GIMP chombo hicho kinaitwa Mono Mixer, kiko ndani ya Colors. Anza na 0.4, 0.5, 0.1 na hakikisha jumla haitoki kwenye 1. Ikizidi, kanzu ya babu inaungua. Ikipungua, picha nzima inazama gizani.

pichani_Mombasa:
Yote sawa, lakini mwenye uzi kasema anaanza. Mimi ningempeleka Snapseed, ni bure na haina mambo mengi. Menyu hutofautiana kidogo kati ya matoleo ila vyombo ni vilevile. Mpangilio wa kazi ndio muhimu:

1. White Balance (kusawazisha rangi ya mwanga) kwanza, rangi ikiwa bado ipo. Jua la saa kumi lina manjano, na manjano hayo yatavuruga filta utakayochagua baadaye.
2. Selective. Gusa uso wa aliye gizani, bana kwa vidole viwili mpaka duara libaki kwenye uso tu, ongeza Brightness +15 hadi +25. Fanya hivyo kwa kila uso unaohitaji.
3. Black & White. Anza na Neutral, kisha kwenye filta ya rangi jaribu njano na machungwa. Nyekundu iruke, Zuhura kashasema kwa nini.
4. Kontrasti +10, isizidi +20.

Usianze na hatua ya 3 ukarudi ya 2. Selective inatafuta sehemu zinazofanana na pale ulipogusa. Rangi ikiwepo inatofautisha uso na ukuta wa nyuma. Rangi ikishaondoka, uso na ukuta vyenye kijivu kimoja vinapanda pamoja.

Na chombo cha HDR Scape usikiguse kabisa. Kinaacha mzingo mweupe kuzunguka vichwa, na kwenye nyeusi na nyeupe mzingo huo unapiga kelele.

fundi_kivuli:
@pichani_Mombasa hatua ya 2 nakubaliana nayo asilimia mia. Udhaifu wa Snapseed ni kwamba filta ni moja kwa picha nzima. Ukichagua machungwa ili ngozi ing'ae, machungwa ya kitenge nayo yanang'aa, na huna namna ya kurekebisha kila rangi peke yake.

Zuhura_lenzi:
Na Lightroom je, wadau? Ukibonyeza B&W unapata slaida nane za kuburuta: nyekundu, machungwa, njano, kijani, samawati, bluu, zambarau na majenta. Bluu ya sare unaishusha -20, nyekundu ya khanga unaishusha -15, kijani unakipandisha +15, machungwa +10 kwa ajili ya nyuso. Kwa picha yenye nguo nyingi namna hii, kati ya vyombo vya simu ulivyotaja hakuna kinachokupa nafasi zaidi. Sehemu hiyo ni ya bure. Maski (kuhariri sehemu moja tu ya picha) na kuhariri RAW (faili ghafi la kamera) kawaida ni kwa wanaolipia.

Machungwa yakipita +25 kwenye ngozi nyeusi, uso unaanza kuwa na majivu, kama mtu hajapaka mafuta. Vilevile mng'ao wa kwenye paji la uso unatoweka, na mng'ao ule ndio unaoonyesha umbo la uso mweusi. Heri upandishe mwangaza wa uso wenyewe kuliko kusukuma slaida ya rangi.

kona_ya_giza:
Msisahau ni JPEG ya simu. Ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na habari za rangi zimebanwa zaidi kuliko za mwangaza. Ukishusha bluu hadi -60 ili anga iwe nyeusi, unapata vibokisi na mistari, hasa pale kichwa kinapokutana na anga. Kwa JPEG kaa kati ya -30 na +30. RAW yenye biti 12 au 14 inavumilia zaidi.

Hapo napata jibu la swali la kamera. Monokromu ya kamera pamoja na JPEG peke yake ni kufunga mlango: rangi imeshatupwa, slaida za Zuhura hazina cha kushika. Weka RAW+JPEG na monokromu juu yake. Kioo cha kamera kitakuonyesha nyeusi na nyeupe ukipanga watu, na RAW itabaki na rangi zote. Kwa kompyuta ya kawaida, RawTherapee na darktable zinafungua RAW bure.

binti_Unguja:
Mimi napenda ule mwonekano wa picha za studio za zamani, midomo myeusi na mikunjo ya wazee inaonekana. Hapo natumia filta ipi?

kona_ya_giza:
Dada, filamu za zamani zinazoitwa othokromatiki hazikuona wekundu, ndiyo maana mafundi waliweza kuziosha chini ya taa nyekundu. Kwa hiyo punguza nyekundu, ongeza kijani: Mono Mixer 0.1, 0.7, 0.2, au filta ya kijani kwenye Snapseed. Kwa babu na bibi inapendeza, ndevu na mikunjo vinatoka. Kwa aliye mweusi tii uso unazama, kwa hiyo mwongeze mwangaza kwanza kwa Selective. Bluu usiipitishe 0.2, chengachenga nyingi zinaishi kwenye chaneli hiyo, na taa za njano za ndani ndizo zinazidisha.

Na ukitaka kuona jinsi mavazi yenye nakshi yanavyoweza kukaa mbele ya pazia lenye nakshi bila kuchanganyika, tazama kazi za mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alipiga kwa mwanga wa mchana, kwa filamu kubwa za sentimita 13 kwa 18.

mtaa_wa_juu:
Nashukuru sana wakuu. Nimeelewa: Lightroom kwa sababu ya nguo, Snapseed ikinishinda. Kwenye kusafisha kuna cha kuangalia?

pichani_Mombasa:
Kipo, tena ndipo watu wengi huangukia.

Simu yako inapiga 4:3, yaani 4000 kwa 3000. 20x30 ni 2:3. Fundi wa studio ataikata iwe 4000 kwa 2667, asilimia 11 ya kimo inaondoka, na kwa watu 11 waliosimama hiyo ni vichwa vya nyuma au miguu ya watoto. Kata mwenyewe kabla. Pikseli zinatosha, kwa 300 kwa inchi unahitaji 3543 kwa 2362.

Ihifadhi kama faili la rangi (RGB) lenye wasifu wa rangi wa sRGB, usiigeuze kuwa Grayscale (faili la kijivu tupu), mashine nyingine huikataa. Ukiituma WhatsApp itume kama hati; ukiituma kama picha inabanwa.

Zuhura_lenzi:
Mwangaza wa kioo cha simu ushushe hadi nusu unapohariri, la sivyo karatasi itatoka nyeusi kuliko ulivyoona. Kanzu isizidi 245, ibaki na mikunjo yake. Nywele zisishuke chini ya 12 au hivi.

Halafu safisha ya 10x15 kwanza. Mashine ya rangi mara nyingi hutia ukijani au uzambarau kwenye kijivu. Itoe nje, itazame kwenye kivuli mchana, si chini ya taa ya studio. Ukiona ukijani, usihariri faili lako, mwambie fundi arekebishe mashine, kisha ndiyo atoe ile ya 20x30. Karatasi ya ukutani chukua ya mati, ile ya kung'aa itaakisi dirisha.