Kamati ya Harusi ya Zuhura

Baba Mdogo Idd: Asalaam aleikum ndugu zangu. Orodha ya michango hadi leo mchana hiyo hapo juu. Mwenye nyota mbele ya jina lake hajamalizia. Wenye ukumbi wanataka nusu iliyobaki Ijumaa.

Dula: Waaleikum salaam. Baba mdogo samahani, natoka nje ya mada kidogo

Dula: Eti Azam washawahi kubeba ligi kuu? Huku kijiweni kuna jamaa tumewekeana soda mbili

Shangazi Mwajuma: Dula na wewe! Watu wanazungumza ukumbi

Baba Mdogo Idd: Mwache aulize. Washabeba. Msimu wa 2013/14, na hawakufungwa hata mechi moja. Kanywe soda zako

Dula: Mimi ndiye niliyebisha 😭

Zuhura: 😂😂😂

Baba Mdogo Idd: Mechi 26, wakashinda 18, sare 8, pointi 62. Miaka miwili mfululizo kabla ya hapo walikuwa wanaishia nafasi ya pili, mara Simba, mara Yanga. Tangu Mtibwa wachukue 1999 na 2000, kombe lilikuwa halitoki Kariakoo, kwa Simba na Yanga.

Baba Mdogo Idd: Wakati huo mimi ndiyo nimehamia Chamazi, uwanja wao ulipo. Jioni natoka na ndala naenda kuwaona. Bocco, Kipre Tchetche, Sure Boy, Himid Mao, nyuma Aggrey Morris. Walianza msimu na Stewart Hall wakamalizia na Omog yule Mcameroon, na wala timu haikuyumba. Kwa hizi timu zetu za kubadili kocha kama shati, hilo lenyewe ni la ajabu

Shemeji Festo Mbeya: Na ubingwa wenyewe walikuja kuuchukulia huku kwetu. Sokoine, 13 Aprili, wakatufunga mbili moja. Nilikuwepo. Mbeya City ndiyo kwanza imepanda daraja, kocha Juma Mwambusi, tukamaliza wa tatu na pointi 49. Mji wote zambarau, rangi ya timu, hadi bajaji.

Zuhura: Kumbe shemeji una machungu ya zamani hivyo

Mjomba Shabani: Nimewasoma nikanyamaza. Msimu ule mnauanzaje na Azam? Msimu ule una mechi moja tu. Tarehe 20 Oktoba 2013. Jumapili.

Shangazi Mwajuma: Haya. Kashaanza.

Mjomba Shabani: Dula sikiliza mjomba wako, hawa wengine walisimuliwa. Taifa imejaa, enzi hizo bado haijaitwa Mkapa. Mapumziko Yanga tatu, sisi Simba sifuri. Ngassa moja, Kiiza mbili. Jamaa wa Yanga aliyekaa pembeni yangu ananipa pole ya kweli kabisa, kanishika bega kama nimefiwa. Kipindi cha pili kocha wetu Kibadeni anawaingiza Said Ndemla na William Lucian, mpira ukahamia upande mmoja. Mombeki! Hatujakaa vizuri, Owino! Mpaka tatu tatu. Sauti yangu ilipotea siku 3, dukani nanunua sukari kwa vidole.

Dula: Daah mjomba 🔥

Shangazi Mwajuma: Na mkamaliza nafasi ya ngapi?

Mjomba Shabani: Nafasi si hoja

Shangazi Mwajuma: Ya nne. Pointi 38. Nyuma ya Mbeya City iliyopanda juzi yake. Sisi Yanga wa pili, 56. Sare moja mnaifanyia maulidi kila mwaka! Na huyo Kibadeni mnayemsifia, aliyewahi kutupiga matatu peke yake kwenye zile sita za 1977, mlimtimua hata mzunguko wa pili haujaanza.

Mjomba Shabani: Na nyie kocha wenu Brandts? Akaja Logarusic wetu, ile mechi ya bonanza ya Nani Mtani Jembe mkala tatu moja, Krismasi haijafika Mholanzi kashafungasha mizigo

Shangazi Mwajuma: Akaja Mholanzi mwingine, Pluijm, tukamfunga Al Ahly hapo hapo Taifa. Bingwa mtetezi wa Afrika! Beki wetu Nadir Haroub 'Cannavaro', kichwa hicho. Kwao wakaturudishia moja, tukatolewa kwa penalti. Nyie wakati huo mlikuwa mnagombea nafasi na nani vile?

Shemeji Festo Mbeya: Na sisi 😁

Dula: Mjomba lile la tatu alifunga nani?

Mjomba Shabani: Tambwe. Amissi Tambwe, Mrundi. Mfungaji bora wa msimu, magoli 19. Mbele yangu kabisa pale, namwona hivi

Shangazi Mwajuma: Kaze.

Mjomba Shabani: Tambwe shemeji

Shangazi Mwajuma: Gilbert Kaze. Beki. Naye Mrundi, labda ndiyo imekuchanganya. Shemeji, mimi goli lile nimeliota mwaka mzima. Huyo Tambwe baadaye alikuja kwetu akafunga mpaka tukachoka kushangilia, lakini siku ile hakufunga.

Dula: Nimeangalia. Kaze kweli

Mjomba Shabani: Pale nilipokaa palikuwa na jua la machoni

Dula: Si mbele yako kabisa mjomba?

Zuhura: Mama Rehema anaandika muda mrefu jamani. Anaandika, anaacha, anaandika 👀

Mama Rehema: Nimelinyamazia hili siku nyingi kwa heshima ya mume. Lakini leo kaleta na pole ya bega.

Mjomba Shabani: Mama Rehema chaji ya simu yangu iko wapi

Mama Rehema: Wakati ule tunakaa Tandika. Katoka na jezi yake saa sita mchana. Saa kumi na moja hivi niko uani nachambua mchicha, huyu hapa anaingia. Jezi kaivua, kaikunja, kaibana kwapani, amebaki na singlendi. Hakusalimia. Akapitiliza chumbani akajilaza, akajifunika kanga yangu mpaka kichwani. Nikajua kuna msiba.

Zuhura: Yesu na Maria, samahani, astaghfirullah 😂😂

Mama Rehema: Punde redio ya jirani ikalia gooo. Hatujakaa, tena. Watoto wanakimbia barabarani wanagonga masufuria. Shabani akatoa jicho moja kwenye kanga, "Nani kafunga?" Nikamwambia Simba. Akasema "Mke wangu, leo usinitanie," akajifunika tena.

Mama Rehema: Lile la tatu ndiyo akaamini. Alitoka nduki na kanga yangu begani, na ndala moja yangu moja yake, mpaka kwa muuza chipsi. Jezi kaivalia huko huko. Sauti ni kweli ilipotea, hilo hakuongopa. Kanga sikuiona tena.

*Mjomba Shabani: Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Shabani: Nilitoka kuwahi daladala. Mechi zile ikiisha hupati gari

Baba Mdogo Idd: Shemeji, kutoka Taifa hadi Tandika? Mbona ni mwendo wa mguu tu

Shangazi Mwajuma: Msibani kaniimbia tatu tatu. Kwenye mahari ya Rehema kaniimbia tatu tatu. Nimelazwa hospitali kaja na machungwa, kaniimbia tatu tatu! Kumbe mechi umeisikilizia chini ya kanga 😭😭

Shemeji Festo Mbeya: Mjomba mimi Sokoine nilikaa mpaka filimbi ya mwisho, na tumefungwa, na wenzetu wanashangilia ubingwa uwanjani kwetu. Nasema tu

Bibi: 🎤 0:41

Zuhura: Kwa ambao hawajafungua: bibi anacheka tu sauti yote. Mwishoni kabisa anauliza kilo 60 za mchele zitatosha kweli?

Baba Mdogo Idd: Zitatosha mama. Na nyama ipo.

Dula: Sasa mjomba yule jamaa wa pole ya bega alikuwa nani?

*Mjomba Shabani ameondoka*

Shangazi Mwajuma: Dakika ya 45 tena!

Zuhura: 😂😂😂😂

*Baba Mdogo Idd amemwongeza Mjomba Shabani*

Baba Mdogo Idd: Samahani shemeji, humu hutoki. Una nyota.