Kucha za wateja zinanyanyuka siku ya tatu ya nne, nakosea wapi?

binti_wa_mbagala:

Wadau wa kucha habari zenu, naombeni msaada maana nimefika mwisho. Nina mwaka na miezi kadhaa nabandika kucha, nilijifunzia kwa dada mmoja saluni kwake kisha nikaweka kimeza changu mwenyewe hapa Mbagala. Rangi naiweza, maua nachora, urefu unatoka sawa, mteja akimaliza anapiga picha anaondoka na furaha zake. Sasa siku ya tatu ya nne hivi ujumbe unaingia, dada ukucha umenyanyuka. Narudia bure. Wiki ikipita anarudi tena yule yule.

Kilichoniuma zaidi ni bi harusi, nimembandika alhamisi harusi jumamosi, jumapili asubuhi dada yake ananitumia picha vidole vitatu vimeachia na kile cha pete uzi wa shela umenasa chini ya jeli umejisokota pale pale. Nililia kwakweli.

Gundi nimebadilisha mara tatu, praima (ile dawa ya kushikisha inayopakwa kwanza) mara mbili, mpaka taa ya kugandishia jeli nimeenda kununua nyingine Kariakoo, hali ni ile ile. Ninavyofanya mimi: mteja akija namloweka vidole kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na sabuni kama dakika kumi ngozi ilainike, nasukuma ngozi nyuma, nafuta na taulo, napitisha bafa la kusugulia juu, vumbi nalifuta na waipsi zile za watoto, naweka tipsi (zile ncha za plastiki) na gundi au kama ni jeli kwenye ukucha wake mwenyewe napaka jeli ya chini naingiza kwenye taa. Naombeni jina la gundi au praima ambayo haisumbui, bei si tatizo sana.

FundiTanga:

Pole sana mdogo wangu. Gundi ya nne usinunue kwanza. Niambie zinaanza kuachia wapi, nyuma kwenye ngozi, pembeni, huku mbele kwenye ncha, au katikati kunatokea kama povu? Maana kila sehemu ina sababu yake.

binti_wa_mbagala:

Shikamoo dada, asante kwa kujibu. Karibu zote ni huku nyuma kwenye ngozi na pembeni kidogo. Unaanza kuona kamstari keupe kama mwezi mwandamo, kesho yake kamepanuka, baada ya hapo nywele zinaanza kunasa na mteja anaanza kukabandua mwenyewe kwa meno.

FundiTanga:

Marahaba. Basi gundi yako haina kosa, umeitupia lawama bure hizo mara tatu zote. Ikiachia nyuma na pembeni ni maandalizi, ikiachia mbele ni hukufunika ncha au mteja anafungulia soda kwa kucha, povu katikati ni hewa uliyoifungia wakati unakandamiza tip. Mimi kazi hii mwaka wa kumi na mbili na nakwambia robo tatu ya muda wa kubandika kucha ni kabla hujafungua hata chupa moja.

Cha kwanza hilo bakuli la maji liondoe. Ukucha siyo kioo, ni matabaka membamba ya keratini yamelaliana na unanyonya maji. Ukiloweka dakika kumi unavimba na kutanuka, wewe unaubandikia juu yake kitu kigumu ukiwa umetanuka hivo hivo, mteja anafika nyumbani maji yanatoka ukucha unarudi kwenye umbo lake, jeli juu haina pa kurudi. Hapo lazima paachie. Taulo halitoi maji yaliyoingia ndani, linatoa ya juu tu. Kwahiyo fanya kavu. Mteja anawe mikono kwa sabuni kama kawaida, afute, basi, na ngozi ukitaka kuilainisha kuna dawa ya tone la kulainishia ngozi ya kucha, unapaka kwenye ngozi kidogo unaacha dakika moja mbili alafu unaifuta yote kabisa.

Cha pili ndo kikubwa na ndo kinachowashinda wengi. Ukisukuma ile ngozi nyuma unaona ukucha umekuwa msafi unadhani umemaliza, hujamaliza. Ile ngozi hai inayokunjika pale nyuma hiyo usiikate, hiyo ni mlango unaozuia uchafu usiingie ndani. Ila chini yake kuna kingozi kingine kimekufa, chembamba kama utando wa kitunguu, kimeganda juu ya ukucha wenyewe na hakina rangi, kwa macho hivi hivi hukioni. Kinaota kinapanda pamoja na ukucha. Wewe jeli yako imeshika kwenye hako kangozi, haijashika ukucha, na kangozi kakiachia kanaondoka na kazi yako yote.

Fanya hivi leo. Chukua mkono wako mwenyewe ukiwa mkavu, sukuma ngozi nyuma, alafu chukua kile chuma cha kukwangulia ukilaze karibu kabisa na ukucha, usikisimamishe, kwangua taratibu kwa viduara vidogo vidogo kuanzia pale kwenye mwezi, ule weupe wa nyuma ya ukucha, kuja pembeni kwenye kona. Utaona unga mweupe unatoka kama unga wa muhogo. Hicho ndo kingozi. Endelea mpaka unga uishe kisha inamisha kidole kwenye mwanga wa dirisha, sehemu yenye kingozi inakuwa na wingu hivi, sehemu safi inang'aa sawasawa. Kona mbili za nyuma usizisahau, fundi mwenye haraka anasafisha katikati anaacha kona na ndo maana zako zinaanzia pembeni.

Kingozi kikishaisha ndo uje kwenye kusaga. Faili ya 180 laini laini au bafa ya 240, lengo ni kuondoa mng'ao peke yake, usisage kama unanoa kisu. Faili ya 100 ni ya akriliki (zile kucha za unga) iliyokwisha ganda, ikigusa ukucha wa mtu unaumaliza, na ukucha uliokonda unapinda kila anaposhika kitu, jeli haipindi nao, zinaachana.

Na zile waipsi za watoto jamani. Zimewekwa losheni ndani ili zisimkaushe mtoto! Unaondoa mafuta kwa bafa alafu unayarudisha kwa waipsi. Vumbi liondoe kwa brashi kavu kuanzia nyuma kwenda mbele na pembeni kwenye mfereji kati ya ukucha na ngozi, kisha kipande kisichotoa nyuzi chenye spiriti, kila kidole na upande wake msafi. Baada ya hapo kidole chako wewe wala cha mteja kisiguse tena juu ya ukucha. Mteja atataka kujishika uso au nywele, mwambie mapema atulie. Tena fanya mkono mmoja umalize ndo uhamie wa pili, mafuta na unyevu huwa vinarudi vyenyewe ukikaa sana hasa kwa joto letu hili la pwani.

kucha_na_pedikyua_mza:

Mimi kwa heshima zote sikubaliani na hilo la maji, niko Mwanza naloweka wateja wangu wote mwaka wa sita sasa na kucha zinakaa wiki tatu. Tatizo lake ni kingozi tu hapo.

FundiTanga:

Dada wa Mwanza sikatai uzoefu wako ila hebu nieleze, ukishaloweka mikono unaanza kubandika hapo hapo?

kucha_na_pedikyua_mza:

Hapana, naloweka mikono kwanza nasukuma ngozi, kisha nahamia miguu naifanya yote ndo narudi mikononi. Kama saa nzima hivi.

FundiTanga:

Ndo jibu hilo mpenzi, saa nzima ukucha umeshakauka. Bila kujua ulikuwa unafanya kavu. Binti wa Mbagala yeye anatoka kwenye bakuli anaingia kwenye gundi.

kucha_na_pedikyua_mza:

Ahaa hapo nimekuelewa, kweli sikuwahi kulifikiria hivo.

MpambajiMvita:

Salama nyote, mimi niko Mombasa, hapa maharusi ndio kazi yetu na niongezee mawili matatu. Bibi harusi muulize hina anapaka lini, na nani, na anapakwa mafuta gani. Hina yenyewe wengi huchanganya na mafuta ya mkaratusi na ikishatolewa mikono husuguliwa mafuta ili ikolee, sasa akija kwako baada ya hapo vidole vyake vimekunywa mafuta na hujui. Mimi nataka hina na piko viishe kwanza, apumzike usiku mmoja, ndipo nimbandike, na namsafisha kwa spiriti mara mbili. Na msusi, mama lishe, anayekamua tui kila siku, hao pia wape muda zaidi kwenye kusafisha, usiwafanyie haraka ile ya mtu wa ofisini.

La pili ambalo dada wa Tanga hajaligusa, acha nafasi baina ya jeli na ngozi. Nafasi ndogo kama unene wa uzi, pande zote. Jeli ikimwagikia kwenye ngozi ukiichoma kwenye taa inaganda hapo juu ya ngozi, ngozi yasogea, yatoka mafuta, basi yaanza kuinua ukucha kutoka pale pale. Ikimwagika chukua kijiti upitishe KABLA ya taa. Na si habari ya kunyanyuka tu hii. Jeli mbichi kwenye ngozi ndiyo inayoleta mzio, vidole vyawasha, vyapasuka, na ukishaupata haukutoki, kila ukigusa jeli yarudi, hata daktari wa meno akitaka kukuziba jino itabidi umwambie. British Association of Dermatologists, chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza, kilitoa tahadhari hiyo mwaka 2018 na hasa kwa wanaojibandikia nyumbani. Sisi mafundi ndio tumo hatarini zaidi maana twaishika kutwa, vaeni glavu za naitrili.

Na praima, ikiwa yako ni ile ya asidi weka tone dogo katikati ya ukucha litambae lenyewe, usiipake kama rangi. Ikigusa ngozi yachoma, si mchezo. Ngoja ikauke iwe nyeupe kama chaki. Ile isiyo na asidi yabaki na unato kidogo na ndivyo inavyotakiwa, usiisubiri ikauke.

binti_wa_mbagala:

Jamani asanteni mno, yani nimesoma mara tatu. Nimekwangua kidole changu kimoja hapa hapa mezani, ule unga mweupe umetoka KWELI na mimi nilidhani kucha zangu safi. Swali moja, yule anayerudi kwa kurekebisha, ile sehemu iliyonyanyuka naweza kuingiza gundi chini nikaibana?

FundiTanga:

Hapana hapana mdogo wangu, usifanye hivo kamwe. Pale chini pameshaingia maji na sabuni na uchafu, ukifunga unayafungia ndani, baada ya siku chache ukucha unakuwa kijani. Watu wanasema fangasi lakini ile kijani mara nyingi ni bakteria anaitwa Pseudomonas, anapenda sehemu yenye unyevu iliyofungwa. Sehemu iliyoachia isage yote mpaka ufike pale paliposhika vizuri, andaa upya kama ukucha mpya, ndo ujaze. Na ukikuta tayari kuna kijani toa kila kitu, usibandike juu, abaki nazo kavu bila kitu, na kama kuna maumivu au usaha aende hospitali. Wengine wanakasirika ukiwakatalia, vumilia.

Alafu waambie warudi wiki ya pili au ya tatu. Ukucha unaota kama milimita 3 kwa mwezi, ule mgongo uliouweka mnene unasogea mbele, uzito wote unaenda kwenye ncha na akigonga mahali unainuka kutoka nyuma hata kama uliandaa vizuri.

binti_wa_mbagala: (baada ya siku kumi na tano)

Nimerudi na majibu. Sikutaka kujaribia kwa mteja kwahiyo nilimchukua mdogo wangu wa kike, anafua kwa mikono na anasonga ugali wa watu nane kila siku. Mkono wa kushoto nikamfanyia kama nilivyokuwa nafanya zamani, bakuli, taulo, waipsi. Wa kulia kavu, nikakwangua kingozi, spiriti, nikaacha ile nafasi ya uzi. Jeli ile ile, praima ile ile, taa ile ile. Wa kulia umenichukua karibu saa zima kwa vidole vitano, mgongo uliniuma.

Kushoto siku ya nne kidole cha shahada kimeachia, siku ya saba vimekuwa vitatu. Kulia leo siku ya kumi na tano, vinne vimekaa, nimepitisha uzi wa kushonea pale nyuma kwenye ngozi haunasi popote. Nimekaa nimeangalia ule mkono muda mrefu. Nimempigia yule bi harusi nimemwomba radhi na nimemwambia aje nimfanyie upya bila malipo, kakubali jumanne.

Kilichoachia kulia ni dole gumba tu, upande mmoja wa nje. Hapo nimekosea nini?

MpambajiMvita:

Hongera mwanangu. Uliingiza vidole vitano vyote kwa pamoja kwenye taa? Gumba likiingia na wenzake hulala ubavu, upande mmoja haupati mwanga. Choma vinne, kisha gumba peke yake likiwa limelala bapa.

binti_wa_mbagala:

Vyote vitano pamoja ndio. Jumanne gumba linaingia peke yake.