Nguruwe wa utafiti: utumbo hausafiki kabla ya kolonoskopi

Fundi wa Maabara, Kampala: Wakuu, habari za kazi. Nguruwe wetu wana kilo 35 hivi. Tunawanyima chakula saa 24, na asubuhi ya kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, tunawapa polietilini glikoli yenye chumvi, dawa ya kuharisha ya kusafisha utumbo. Bado kamera ikishapita rektamu (mwisho wa utumbo mpana) inakutana na uchafu mzito wenye nyuzinyuzi. Tuongeze dawa?

Daktari wa Mifugo: Usiongeze. Nyuzinyuzi hizo karibu hakika ni matandiko. Nguruwe mwenye njaa hula maranda, nyasi, maganda ya kahawa, chochote anachokikuta chini. Siku tatu kabla, mtenge kwenye sakafu tupu, asipate hata kinyesi cha mwenzake. Pumba na maganda ya matoke yakome siku hiyohiyo, apewe uji mwepesi uliochujwa, kisha saa 48 za mwisho maji ya glukosi tu. Utumbo mpana wa nguruwe umejiviringa kama konokono, chakula hukawia humo. Saa 24 ni chache.

Lakini maji ya kunywa msikate hata kidogo! Nguruwe aliyekosa maji kisha akayanywa kwa pupa huvimba ubongo na kupata degedege.

Dawa yenyewe itoeni mchana wa siku ya kutangulia, kwa awamu. Mkiitoa asubuhi, tumbo linakuwa limejaa wakati wa nusu kaputi na maji yanaweza kuingia mapafuni. Akiikataa, changanyeni na sharubati ya nanasi iliyochujwa.

Muuguzi wa Wanyama: Naongezea enema, yaani kuosha utumbo kwa maji kupitia njia ya haja kubwa. Akishalala, mlazeni ubavu wa kushoto, mrija laini uliopakwa jeli, maji ya joto la mwili yashuke yenyewe kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa kidogo. Mililita 10 hadi 20 kwa kilo, yaani kama 350 hadi 700 kwa huyo wenu, rudieni hadi yatoke bila vipande. Sabuni hapana: inawasha ukuta wa utumbo, na wekundu huo mtausoma kama ugonjwa. Maji baridi nayo yatamshusha joto.

Fundi wa Maabara, Kampala: Asanteni sana. Tuna manitoli stoo, ile sukari ya kusafisha utumbo, na tutakata vinyama vya utumbo kwa umeme. Inafaa?

Daktari wa Mifugo: Hapana kabisa. Bakteria wa utumbo huichachua manitoli ikatoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inaweza kulipua utumbo. Halafu, kabla hamjabadilisha saa za kufunga chakula, pelekeni marekebisho kwa kamati ya maadili. Mlichoidhinishiwa ni saa 24.