Bogenvilia yenye majani mengi bila maua

Mkazi wa Tabata: Wadau, bogenvilia niliyoipanda ukutani imestawi, nami naimwagilia kila jioni, lakini haina hata ua moja. Tatizo ni nini?

Mtunza bustani: Ndugu, punguza maji. Mmea huu, wenye asili ya Amerika ya Kusini, huchanua vizuri zaidi udongo unapokauka kiasi na jua likiupiga mchana kutwa. Maji na samadi nyingi huuzidishia majani tu.

Mwalimu wa biolojia: Naongezea kwamba yale ya zambarau tunayoyaita maua ni majani yaliyobadilika; yachunguze kwa karibu, utaona katikati vijiua vitatu vyeupe, vyembamba kama njiti za kiberiti, kila kimoja kimeshikamana na jani lake. Ni umbo la kupendeza mno.

Mtunza bustani: Ukipogoa, jihadhari na miiba.